Mate Juu ya Tairi

Dole alikuwa na tabia moja chafu, nayo ndiyo iliyompa jina. Kila akishika tairi, awe ananunua au anapita tu, alilamba dole gumba, akalisugua ubavuni mwa tairi mpaka vumbi litoke, kisha akainama kutafuta nyufa. Mate yakiingia kwenye ufa, ufa hujitokeza. Ndivyo alivyodai, na kusema kweli hakuwahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini dole lile lile lilirudi mdomoni kwa ajili ya tairi la pili, na la tatu, na la kumi. Mkewe alishamwambia mara mia, "Siku moja utalamba ugonjwa usio na jina, wewe." Yeye alicheka tu.

Jioni ile hakuwa na wa kucheka naye. Mkewe alikuwa amebakiza siku chache ajifungue, mtoto amelala mshazari tumboni, na daktari hakuuma maneno. Apasuliwe kesho, kabla ya saa sita mchana, hospitali kubwa ng'ambo ya vilima. Uchungu ukimshika njiani na mtoto akiwa vile, watapotea wote wawili. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, barabara ya vilimani ilikuwa matope matupu, na matairi ya nyuma ya pikapu yake yalikuwa vipara.

Muuzaji wake wa siku zote alikuwa amefunga. Wa pili alikuwa na matairi ya gari dogo tu, yenye ubavu laini ambao ungebonyea chini ya mzigo. Wa tatu alikuwa nayo ya mzigo, ila moja refu na jingine fupi, na ukifunga hivyo nyuma unaliua gari mwenyewe. Jua lilikuwa linazama alipofika mwisho kabisa wa mtaa wa magereji, kwenye ua wa mabati ambao siku zote aliupita bila kuutazama.

Kilichompokea kwanza ni harufu. Haikuwa ya mpira. Ilikuwa harufu ya mdomo... mdomo wa mtu aliyelala mchana kutwa akaamka bila kusukutua.

Mama mmoja mnene alikuwa ameketi katikati ya matairi, akifuta moja kwa tambara. Matairi yote pale yaling'aa. Mashavu ya mama yule yalikuwa yametuna, kama aliyejaza maji kinywani.

"Shikamoo, mama."

Alitikisa kichwa tu. Hakufungua mdomo.

"Natafuta pea ya nyuma ya pikapu. Ya mzigo, ringi kumi na tano."

Mama akaelekeza kidole pembeni. Matairi mawili yalikuwa yameegeshwa ukutani, pacha kabisa. Dole akachuchumaa. Saizi ilikuwa sawa. Namba ya uzito ilikuwa sawa. Tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa zilionyesha hayajafikisha miaka miwili. Akachomeka njiti ya kiberiti kwenye mifereji ya kashata, yale meno ya tairi, ikazama mpaka kichwani. Akaingiza mkono ndani kupapasa kama kuna kiraka. Hakukuwa na kiraka, ila ndani mlikuwa na joto, na ute. Akautoa mkono haraka, akajifuta kwenye suruali. Mvua hiyo, alijiambia, ingawa mvua haina joto.

Kashata zenyewe zilikuwa na vinundu vidogo vidogo, vikwaruzavyo kama ulimi wa ng'ombe. Hakuwahi kuona muundo ule. Lakini kwenye matope ungeshika, na alichotaka ni kushika.

Basi akalamba dole, akasugua.

Dole likanata. Akalivuta, likatoka kwa sauti ndogo... *chwa*. Akatazama pale aliposugua. Mate hayakuwepo. Hayakukauka wala hayakutiririka. Yalikuwa yamenywewa.

Nyuma yake mama yule aliinua kidevu, akameza kile alichokuwa nacho kinywani. Funda moja kubwa, likasikika likishuka.

"Yamekukubali, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Anayechagua ni mimi, mama," Dole akamtania, japo nywele zilimsimama.

"Kila mteja husema hivyo."

Kisha akainamia lile tairi la mapajani mwake, akalitemea mate, uzi mrefu mzito usiokatika, akaendelea kulifuta kwa tambara. Ndipo Dole alipojua mng'aro wa ua mzima ulitoka wapi. Akainuka aondoke. Lakini alimwona mkewe akilini, kitandani ameshika tumbo kwa mikono miwili, akarudi. Wakapatana bei bila hata kuvutana, jambo ambalo peke yake lilitosha kumshtua mnunuzi yeyote mwenye akili zake. Akayafunga palepale, akaondoka.

Hakufika hata kona ya kwanza, akasikia ladha ya mchanga ulimini. Alidhani ni vumbi. Akafunga kioo. Mbele kidogo palikuwa na mtaro uliofurika barabarani, maji meusi yenye povu. Magurudumu ya nyuma yalipoingia, kinywa chake kikajaa.

Sabuni iliyooza. Mkojo. Kitu chenye nywele.

Akasimamisha gari, akafungua mlango, akatema. Hakikutoka kitu. Kinywa kilikuwa kikavu kama kitambaa. Ladha ilikuwepo, ila kilichokuwa na ladha hakikuwa kinywani mwake.

Nyumbani alisukutua mara saba. Hakumwambia mkewe neno. Ungemwambiaje mtu anayekwenda kupasuliwa kesho?

Kulipopambazuka walipanda gari. Mkewe alijilaza kwenye kiti, mto mgongoni, na kabla hawajamaliza nyumba za mwisho akavuta pumzi kati ya meno.

"Nini?" akanong'ona Dole.

"Uchungu umeanza... Endesha tu, baba. Usisimame."

Hakusimama. Na hapo ndipo alipolipa. Kilima cha kwanza kilikuwa njia ya ng'ombe, na mavi yao yalikuwa yametapakaa, mengine ya moto bado. Dole aliyala yote. Alikula oili iliyomwagika, alikula magamba ya konokono yakimpasukia menoni, alikula matope yenye minyoo ambayo aliihisi ikijikunja. Machozi yalimtoka. Mkewe alidhani anamlilia yeye, akampapasa goti. Malori mawili yalikuwa yameteleza mtaroni, watu wameshika viuno, lakini pikapu ile ilipanda bila kuyumba hata kidogo. Nyuma yao ilisikika sauti ileile... *chwa... chwa... chwa...*

"Matairi yako yanashika," mkewe alisema. "Safari hii hilo dole lako limefanya kazi."

Kwenye mteremko wa pili palikuwa na mbwa amekufa. Si wa jana. Tumbo limevimba, nzi wamemfunika, na barabara pale ilikuwa nyembamba, bonde huku na ukuta kule. Hakukuwa na pa kumkwepa. Dole alikaza midomo, akakaza macho, na magurudumu ya mbele yakapita. Yalikuwa ya zamani yale, hayakumfanya kitu. Kisha yakaja ya nyuma.

Gari halikuruka.

Alitazama kwenye kioo. Barabara ilikuwa tupu na safi, imelowa, inang'aa. Hapakuwa na mbwa. Hapakuwa na hata nzi.

Kilichomwingia kinywani sitakieleza, maana wengine mnasoma mkiwa mmeshika sahani. Nitasema hili moja tu, lililomtisha kuliko uozo wenyewe. Mwanzoni alitaka kufa. Mwishoni, pale ladha ilipokuwa inaisha, ulimi wake ulizunguka kwenye meno kutafuta kilichobaki.

Walifika saa tano kasoro. Madaktari walimpokea mbio, wakampasua, na mtoto wa kike akalia kwa sauti ya kudai haki yake. Mama mzima, mwana mzima. Dole alipiga magoti kwenye korido, akashukuru, akasimama, akaenda moja kwa moja kwa mzee mmoja wa pancha nje ya lango.

"Yatoe haya. Nifungie yoyote. Hata vipara."

Mzee akalegeza nati, akaweka tairi chini, akalikandamiza ubavu mpaka likaachana na ringi. Akachungulia ndani. Akageuka pembeni akatapika chai yake yote.

"Uliyasugua kwa mate?" aliuliza, kiganja mdomoni.

Dole alilificha dole gumba mfukoni.

"Mzee, kuna nini ndani?"

"Kuna ufizi."

Mzee akachukua bisibisi, akaichomeka ubavuni mwa tairi kwa hasira. Dole akapiga yowe. Akashika mdomo, na damu ikapita kati ya vidole. Ulimi wake ulikuwa na tundu.

Bisibisi ikaanguka.

"Nilisikia nikiwa kijana, nikadhani ni porojo," mzee alinong'ona. "Tairi likionja mate ya mtu, huyo ndiye wa kulilea. Linakula kwa kinywa chake."

"Na yule mama aliyeniuzia?"

"Yeye ananyonyesha tu, mpaka apatikane wa kubeba. Amepatikana." Alikuwa tayari analirudisha tairi kwenye ringi, tundu lake limeshajifunga lenyewe, haraka, bila kuligusa kwa mikono mitupu. "Ondoka nalo hapa, kijana. Nina wajukuu wanaocheza karibu."

Dole aliliegesha gari nyuma ya hospitali, akaapa haliendeshi tena. Alilala kwenye benchi la korido. Kufika jioni, ulimi ulikuwa umekauka hadi kupasuka. Alikunywa maji, yakapita bila kulowesha kitu. Mkate ulimkaa kooni kama sufu. Siku ya pili hakuweza kutamka jina la mkewe. Siku ya tatu alfajiri alijidanganya kwamba anazungusha gari kidogo tu, betri isife. Akaenda kwenye bwawa la majitaka, ambako vyura hupanda barabarani kwa mamia. Aliporudi, midomo yake ilikuwa laini, na alikuwa ameshiba. Aliona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Siku ya nne waliruhusiwa. Barabara ya vilimani ilikuwa bado matope, na shemeji yake, aliyejaribu kuja kuwachukua kwa gari lake, alikwama kilima cha kwanza. Gari la kuvuka lilikuwa moja tu. Dole aliyaosha magurudumu kwa dawa ya kuulia wadudu mpaka mikono ikamchubuka, akalisogeza gari karibu na mlango wa wodi, akakaa kwenye usukani, injini inanguruma.

Mkewe alitoka polepole, mkono mmoja kwenye mshono, mkono mwingine umemkumbatia mtoto. Akapita nyuma ya gari kuweka mfuko wa nguo. Dole alimwona kwenye kioo cha pembeni. Aliona kikofia cheupe, na ngumi ndogo iliyotoka kwenye shuka.

"Baba yake," mkewe aliita. "Rudi nyuma kidogo, hapa mbele yangu pana dimbwi."

Kinywa cha Dole kikajaa mate.

Akameza. Kikajaa tena. Yakamjaa mashavuni mpaka yakatuna, yakamtiririka kidevuni, uzi mrefu mzito, yakamlowesha mapaja. Alitaka kumpigia kelele mkewe akimbie, lakini ungefunguaje kinywa kilichojaa vile? Akazima injini. Akang'oa ufunguo, akautupa dirishani. Akavuta breki ya mkono mpaka ikalia.

"Kidogo tu," mkewe alisema.

Gari likarudi nyuma, kidogo tu... *chwa*.