Ukuta Uliokosa Pumzi

Kila asubuhi fundi viatu aliamka kabla ya wote. Alinawa, akasali, kisha akaenda kupapasa ukuta wa chumba cha watoto. Ukuta ulikuwa na unyevu kama shati lililoanikwa siku ya mawingu.

"Umelia tena?" aliuuliza.

Mkewe alikuwa jikoni akiwasha moto. Akacheka. "Uombee basi. Labda una pepo."

"Hauna pepo, una kiburi. Nitauongezea saruji."

"Mwaka jana uliongeza. Mwaka juzi uliongeza. Ukuta unanenepa na chumba kinakonda. Mwisho tutalala tumesimama."

Mkewe alisema kweli. Waliishi katika safu ya nyumba za mawe zilizojengwa zamani kwa ajili ya askari wa serikali ya kikoloni. Chumba cha mbele kilikuwa duka lake la viatu. Kila mvua zilipokwisha, lipu ya ukuta ilivimba, ikapasuka, ikaanguka mapande kwa mapande. Kila mwaka fundi alinunua mfuko wa saruji akapiga lipu upya, nene kuliko ya mwanzo. Kinyozi wa nyumba ya pili alikuwa amempa jina la Mzee Saruji, na mtaa mzima ulilipokea.

Asubuhi ile kitindamimba wao aliamka akikohoa. Siku chache kabla walikuwa wamempeleka zahanati, na muuguzi aliwaambia wazi. "Dawa nimempa. Lakini akiendelea kulala karibu na huo ukungu mweusi wa ukutani mnaosema, kikohozi kitarudi."

Kabla ya adhuhuri alifika mhandisi wa halmashauri. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ngumu na nyundo ndogo. Aligonga ukuta. Pande la lipu likaanguka miguuni pake, likiwa limeshikana na kipande cha jiwe.

"Mzee wangu, nyumba hizi ni za wakoloni," alisema. "Zimechoka. Nitarudi mvua kubwa zijazo zikiisha. Nikikuta kuta bado zinabomoka, safu yote itavunjwa."

"Na sisi?"

"Halmashauri itawatafutia mahali pengine."

"Na duka langu? Wateja wangu wote wananijua hapa. Baba yangu alishonea viatu ndani ya chumba hiki."

"Naelewa, mzee. Lakini siwezi kungoja ukuta uwaangukie watoto."

Mhandisi alipoondoka, fundi alikaa juu ya kigoda chake. Alishika msharasi wa kutobolea ngozi, asitoboe kitu. Kinyozi alichungulia mlangoni.

"Mzee Saruji, safari hii nunua lori zima."

"Nenda zako. Nyumba yako na yangu zinaegemeana. Yangu ikianguka, utanyoa watu barabarani."

Kinyozi akaacha kucheka. Kumbe na yeye alikuwa na hofu.

Siku hiyo fundi aliomba sana. Hakuomba mali. Aliomba Mungu amwonyeshe njia, na awe na masikio ya kuisikia itakapokuja.

Njia ilikuja na buti lililoachia soli. Mwenye buti alikuwa dada mmoja, afisa wa mambo ya kale. Kazi yake ilikuwa kutembelea majengo ya zamani na kuandika habari zake. Alimpa fundi buti, akabaki amesimama kwa mguu mmoja, akitazama ukuta.

"Baba, hii lipu ni ya saruji?"

"Ni saruji safi, mwanangu. Sikuchanganya kwa ubahili."

"Basi hapo ndipo ugonjwa ulipo."

Fundi akainua uso. "Saruji ndiyo inayojenga maghorofa. Itakuwaje ugonjwa?"

"Kwa ghorofa ni sawa. Lakini kuta hizi zilijengwa kwa mawe laini na chokaa. Maji huingia kutoka ardhini na kwa mvua, na yanahitaji kutoka. Chokaa huyaacha yatoke polepole, yakaushwe na upepo. Saruji huyafungia ndani. Maji yakikosa njia, yanaozesha ukuta, kisha yanasukuma lipu mpaka inaanguka."

"Ukuta unapumua?" Fundi alicheka. "Binti, nimeona mengi, lakini ukuta wenye mapafu sijauona."

Afisa hakukasirika. Alikaa kwenye benchi. "Niambie, baba. Hili buti ndani umeona bitana gani?"

"Ngozi. Buti la kazi halitiwi bitana ya plastiki."

"Kwa nini?"

"Mguu unatoa jasho. Ukiufunga kwenye plastiki, jasho halina pa kwenda. Soksi inanuka, ngozi ya mguu inachubuka, na buti lenyewe..."

Fundi alitazama buti mkononi. Akatazama ukuta. Akavuta pumzi ndefu.

"Yaani miaka yote hii nimeivalisha nyumba yangu viatu vya plastiki," alisema.

Mkewe alikuwa mlangoni. "Nilisema ukuta unanenepa. Sikujua kwamba unavimba."

Wakacheka wote watatu. Kisha fundi akauliza, "Lakini mbona zamani kuta hizi hazikuwa hivi? Baba yangu hakulalamika."

Afisa akawaeleza. Hapo zamani mahali pale palikuwa na malisho na njia ya wafugaji tu. Serikali ya kikoloni ilichora mpaka juu ya kilima, ikataka kuulinda. Ikajenga kambi. Ikaleta askari kutoka mbali, watu wasiojua hata lugha ya pale. Walipofika askari, wakafuata wauza chakula, washonaji, vinyozi na mafundi viatu. Polepole kambi ikawa mji. Wakoloni walipoondoka, askari nao waliondoka, na familia za mafundi zikahamia katika nyumba zile.

"Najua kambi ilijengwa mwaka gani, na kapteni gani aliiamuru," afisa alisema. "Lakini sijui nani alitengeneza chokaa yake. Hakuna aliyeandika."

Ndipo sauti ikatoka chumba cha ndani. Alikuwa mama yake fundi, mzee sana, ambaye wote walimwita Bibi. "Kapteni hakubeba hata jiwe moja," alisema.

Fundi akageuka. "Mama, unazijua habari hizo?"

"Chokaa aliichoma mama yangu."

"Mbona hukutuambia?"

Bibi alitoka taratibu, akakaa. "Ningewaambia nini? Wanawake walitolewa majumbani kwa nguvu. Walipanga kuni na mawe ya chokaa, wakachoma mchana na usiku, kisha wakabeba kwa vichwa mpaka hapa. Aliyechelewa alichapwa. Mama alikuwa na alama mgongoni mpaka anazikwa. Nikasema, aibu hii nitakufa nayo."

"Bibi," afisa alisema kwa upole, "aibu si yenu. Ni ya aliyeshika fimbo."

Bibi akafuta macho kwa ncha ya khanga yake. Tangu hapo akasema kama mtu aliyetua mzigo. Alieleza jinsi chokaa iliyochomwa ilivyozimwa kwa maji, ikachemka yenyewe bila moto, watoto wakifukuzwa wasiungue. Ilikaa shimoni chini ya maji mpaka ikawa laini kama siagi. Kila mwaka baada ya mvua, askari walizipaka kuta zote chokaa nyepesi. "Walipoondoka," alisema, "hakuna aliyepaka tena. Ikaja saruji, watu wakaona ndiyo maendeleo."

Kazi ilianza juma lililofuata, maana kiangazi kilikuwa kimefika. Afisa alikuja mara kwa mara kuwaelekeza. Kwanza walibandua saruji kwa tindo na nyundo, taratibu, wasiumize mawe. Halafu wakaondoa udongo uliorundikana chini ya ukuta kwa nje, wakachimba mfereji wa kupeleka maji ya bati mbali. Waliuacha ukuta ukauke uchi.

Kinyozi alipita. "Umeivua nyumba nguo mchana kweupe. Jirani, huna haya?"

"Inaota jua. Ikimaliza nitaivua na yako."

Walinunua chokaa iliyokwisha kuzimwa, wakailoweka ndani ya pipa lenye kifuniko. Afisa aliwaonya. "Vaeni glavu na miwani. Chokaa hula ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofua. Ikikurukia, osha papo hapo kwa maji mengi, kisha nenda hospitali. Watoto wasiisogelee." Walichanganya sehemu moja ya chokaa na sehemu tatu za mchanga uliochekechwa.

Lipu ya kwanza ilipasuka yote. Fundi alikuwa na haraka. Aliipiga nene, kwenye ukuta mkavu, akaiacha juani.

Jioni ile alikaa mbele ya nyufa zile kama mfiwa. "Nimeharibu," alimwambia mama yake. "Labda mhandisi alisema kweli. Labda zimechoka."

Bibi alipitisha kidole kwenye ufa. "Chokaa haitaki mtu wa papara. Lowesha ukuta kwanza. Piga nyembamba. Kisha tundika magunia yaliyolowa, ipoe kama uji wa mtoto. Wewe viatu unavikausha motoni?"

"Havikaushwi motoni. Vinakakamaa."

"Haya."

Akabandua, akaanza upya. Alipiga lipu nyembamba, akangoja, akapiga nyingine. Mkewe alilowesha magunia asubuhi na jioni. Mwisho wakapaka chokaa nyepesi, nyeupe, mara kadhaa. Chumba kikawa na mwanga hata kabla ya kufungua dirisha.

Mvua kubwa zikaja. Zilinyesha kwa ghadhabu, mfereji ukanguruma. Fundi hakupata raha. Kila asubuhi baada ya sala alikwenda kupapasa ukuta. Siku za mvua nyingi ulikuwa baridi kidogo. Jua lilipotoka, ulikauka. Ukungu haukurudi. Siku moja mkewe alimwita, "Njoo usikilize."

"Nini?"

"Kitindamimba."

Walisimama mlangoni. Mtoto alilala kimya, kifua kikipanda na kushuka bila kikohozi. Fundi alipiga magoti pale pale, akashukuru.

Mvua zilipokwisha, mhandisi alirudi na nyundo yake. Majirani wote walitoka. Kinyozi alimwacha mteja amenyolewa upande mmoja. Mhandisi aligonga ukuta chini, katikati na juu. Ukalia mlio mzito, wa kitu kizima. Akaweka kiganja chake, akakikagua. Kilikuwa kikavu, kina vumbi jeupe kidogo.

"Ni nyumba ile ile?" aliuliza.

"Ile ile," alisema fundi. "Ila sasa inapumua." Akamweleza yote, bila kuruka hata ufa wa lipu ya kwanza.

Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia watu. "Safu haitavunjwa. Mkizitengeneza nyingine namna hii, nitakuja kuzikagua moja moja, na nitaiomba halmashauri isaidie chokaa." Akamgeukia fundi. "Mzee, sikutegemea nyumba ya mkoloni itadumu hivi."

Bibi alikuwa amekaa kizingitini. Akanyanyua fimbo yake ya kutembelea. "Mwanangu, mkoloni alilala humu tu, kisha akaenda zake. Mawe haya yalikuja kwa vichwa vya mama zetu. Nyumba ni ya aliyeibeba."

Watu wakapiga makofi. Mhandisi akavua kofia yake ngumu, akainama kidogo mbele ya bikizee yule. "Nimesikia, Bibi. Nitaandika hivyo."

Afisa wa mambo ya kale alikuwa ameanza kuandika tayari, macho yake yakimetameta.

Alasiri ile fundi hakushona kiatu. Alichukua tindo na nyundo, akaenda nyumba ya pili. Kinyozi alikuwa amepanda ngazi, akishindana na saruji ya ukuta wake, akipiga kwa nguvu kama anayeua nyoka.

"Taratibu," fundi alimwambia, akaishika ngazi. "Utaumiza jiwe."

Nyumba ya tatu nayo ikaanza, na ya nne. Mpaka jua linakuchwa, tindo zililia kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho wake. Saruji ilianguka mapande kwa mapande, na nyuma yake mawe ya zamani yakatokea, yakapigwa na upepo.