Sauti ya Majaribio ya Mama Mdogo

Kila asubuhi, kabla sijagusa kitu kingine pale redioni, ninapangusa maikrofoni.

Navua vile vifuniko vya sponji, nanusa kujua nani jana alikula vitunguu, nacheka peke yangu, kisha navirudisha.

Asubuhi ile nilikuwa na sponji moja mkononi niliposikia sauti ninayoijua kuliko yangu mwenyewe. Ilitoka kwenye spika ya korido, katikati ya taarifa ya habari.

"Hawa wauza mboga wa barabarani ni takataka. Nikipita, nawafagia wote!"

Sponji ikanidondoka.

Ilikuwa sauti ya Mama mdogo. Mdogo wake marehemu mama, aliyenichukua nikiwa siwezi hata kufunga kamba za viatu, akanilea, akanisomesha hadi chuo. Mgombea kwenye kura za mchujo za chama, zilizobakiza siku mbili tu.

Na sauti ile niliirekodi mimi.

Jamani!

Ngoja niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa.

Mimi ni fundi sauti. Nakaa nyuma ya kioo. Nina kitufe kimoja cha kuongea kwenye hedifoni za mgeni, hewani sisikiki, ingawa kwenye rekodi za majaribio namo. Na ninapapenda hapo! Mimi ni mtu wa aibu, mwalimu wangu wa chuo alikuwa akinitania kwamba hata kwenye simu naongea nimejificha.

Sasa, mgeni akiingia studio, lazima nipime sauti yake kwanza. Mafundi wengine humwambia mgeni ataje siku za wiki. Mgeni anakuwa mkavu kama mkate wa juzi. Mimi nina mtindo wangu. Nabonyeza kitufe, namnong'oneza sikioni, "Mwige mpinzani wako."

Wanacheka! Mabega yanashuka, sauti inafunguka. Nikimaliza kupima nafuta yale majaribio, mahojiano yanaanza. Hajawahi kulalamika mtu.

Mama mdogo alipokuja juzi yake kuhojiwa, nilimwambia vilevile. Mpinzani wake mkubwa ni mzee mmoja aliyewahi kuongoza kampuni, watu wanamwita Mkurugenzi, na inasemekana hawapendi wachuuzi.

Mama mdogo akakohoa, akajiweka sawa, akasema maneno yale ya takataka.

Nilicheka hadi machozi. Unajua kwa nini? Mama mdogo hajui kuiga! Tangu nikiwa mtoto, akiiga jirani, akiiga mchungaji, akiiga hata paka, anatoka yeye yule. Nyumbani ni kichekesho chetu cha miaka yote.

"Nitumie hiyo, mwanangu, nikawachekeshe nyumbani," akasema.

Nikamtumia kwenye simu yake. Nikafuta ya kwangu.

Nilimtumia yeye. Peke yake.

Sasa asubuhi ile klipu ilikuwa kila mahali. Kicheko changu kimekatwa. Maneno yangu ya mwanzo yamekatwa. Imebaki takataka tupu.

Mhariri aliniita. Ni mama mmoja mwembamba, hapandishi sauti, na ndiyo maana anatisha.

"Sauti ile imetoka kwenye chumba chetu?"

"Ndiyo, bosi… lakini ni majaribio. Alikuwa anaiga tu. Mbona tumeirusha bila kuniuliza?"

"Redio zote zimeirusha. Tungenyamaza tungeonekana tumelala." Aliniangalia. "Ulimpa nani?"

Nikaanza kuhesabu kalamu mezani kwake.

"Binti, nimekuuliza ulimpa nani."

Ningesema nini? Kumtaja Mama mdogo ni kumuingiza kwenye shimo lilelile alilotumbukizwa! Kichwani nilikuwa nimeshapata mwizi wangu: Kaulimbiu.

Kaulimbiu ndiye kijana anayemtungia Mama mdogo ujumbe wa kampeni. Hilo ndilo jina walilombandika, kwa sababu kila akifungua mdomo unahisi unasoma fulana. Na simu ya Mama mdogo hushinda mikononi mwake. Nilijua tu, kanunuliwa na Mkurugenzi yule!

"Naomba nikujibu kesho," nikamwambia Mhariri.

"Kesho kuna matangazo ya moja kwa moja, mama yako ameomba nafasi ya kujieleza. Nisipopata jibu kabla hayajaisha, usirudi kupangusa maikrofoni zangu."

Nilitoka.

Getini kuna mama anauza nyanya, tunamwita Mama Nyanya. Kila siku hunitania kwamba nimekonda, kwamba nikipigwa na upepo nitakwenda kutangazia nchi nyingine. Siku ile hakunitania. Picha ya Mama mdogo aliyokuwa ameibandika kwenye mwavuli wake alikuwa ameigeuza, uso ndani.

"Mwanangu, mama yako anatuita takataka?"

"Mama, siyo hivyo…"

"Basi niambie ilivyo."

Nikaokota nyanya moja, nikairudisha.

"Siku alipochukua fomu," akasema taratibu, "niliacha meza yangu wazi nikaenda kumpigia vigelegele. Nyanya zikaoza juani. Sikujuta. Leo ndiyo najuta."

Akageuka kumhudumia mteja, lakini nilimwona akijifuta na upande wa kiganja.

Nililia njia nzima. Nilijiambia, nikifika nitamkumbatia kwanza, maana atakuwa amezimia kwa presha.

Nikasukuma mlango wa nyumba yetu…

Mama mdogo alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kabati, ameshika kitambaa cha machozi.

Hakuwa analia.

Alikuwa anafanya mazoezi ya kulia!

"Wananchi wenzangu, nimedhulumiwa," alisema kwenye kioo, kisha akageuka. "Kitambaa nikiinue kwenye 'nimedhulumiwa' au kwenye 'wananchi'?"

"Kwenye 'wananchi,'" akajibu Kaulimbiu kutoka kwenye kochi letu, mguu juu ya mguu. "Machozi kwanza, maneno baadaye."

Wakaniona.

"Mwanangu! Afadhali umekuja. Kaa."

"Mama mdogo… ni nani aliyeisambaza?"

Wakatazamana. Kaulimbiu akatabasamu kama fundi aliyesifiwa kazi.

"Ni sisi," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Nyie?!"

"Shemeji—"

"Mimi si shemeji yako!"

"Haya, dada. Sikiliza. Mwezi mzima redio na magazeti ni Mkurugenzi, Mkurugenzi. Mama amezungumza maji, amezungumza shule, nani ameandika? Wema hausambai. Hasira inasambaa! Leo nchi nzima inamtaja. Kesho, watu wakiwa wametega masikio, tunapiga klipu nzima, na kicheko chako humo. Wote wanagundua kaonewa. Aliyetukanwa leo ndiye anayehurumiwa kesho, na kura za huruma hazina mpinzani."

Kumbe kiki, ujanja wa kutafuta kutajwa! Kiki ya kujitukanisha mwenyewe!

"Mama mdogo, kazini wananiuliza mimi. Watanifukuza."

Alikuja akakaa karibu yangu. Akanishika mkono, vile alivyokuwa akinishika nikiwa na homa.

"Ndilo tulilotaka kuongea. Kesho tutaingia wote studio. Utasema watu wa Mkurugenzi walikulaghai ukawapa sauti, ukajuta, ukanirudishia klipu nzima. Utalia kidogo, wewe kulia hukuanza leo. Watu watakusamehe, una sura ya upole."

"Lakini si kweli."

"Ni siasa, mwanangu."

"Na wale wauza mboga? Mama Nyanya analia!"

Hapo akacheka kidogo, akaachia mkono wangu.

"Ah, hao! Wape fulana na kofia, kesho wameshasahau."

Kuna kitu kilivunjika ndani yangu, kidogo kidogo, kama kikombe kinachopata ufa huku chai bado imo. Nilimwangalia. Sauti yake ilikuwa ileile. Ileile kabisa ya kwenye klipu.

"Utanifanyia hili?" akauliza. "Nimekuomba nini tangu nikulee?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mnielewe, jamani. Mtu aliyekuchana nywele kila asubuhi ya shule, unamwambiaje hapana?

Kesho yake niliingia studio yangu kwa mlango wa wageni.

Nilikalia kiti cha mgeni, mbele ya maikrofoni ninayoipangusa. Mama mdogo kulia kwangu. Nyuma ya kioo alikuwa fundi mwenzangu, na Mhariri kakunja mikono, na Kaulimbiu ameshika simu zake. Mtangazaji wetu wa asubuhi, Sauti Nzito, akanikonyeza kunipa moyo.

Taa nyekundu ikawaka.

Mama mdogo alikuwa hodari! Kitambaa kiliinuka kwenye "wananchi" kama walivyopanga. Ikapigwa klipu nzima, na mimi nikajisikia humo ndani nikinong'ona, "Mwige mpinzani wako," kisha takataka, kisha kicheko changu cha kijinga.

Simu zikafumuka!

"Pole mama yetu!"

"Mkurugenzi aone aibu!"

"Tunakuja kukupigia kura na majirani zetu!"

Nyuma ya kioo Kaulimbiu alikuwa anacheza bila muziki.

Sauti Nzito akanigeukia. "Binti, wewe ndiye uliyerekodi. Wasikilizaji wanataka kujua. Nani alikutuma?"

Maikrofoni ilikuwa hapo, na sponji yake niliyoifua kwa mikono yangu. Mama mdogo alinigusa goti chini ya meza.

Nataka niwaambie nilichojifunza kwenye ule muda mfupi, maana ndicho kilichonifanya niandike yote haya. Mtu akikuomba ujipake tope ili yeye aonekane msafi, mkatalie. Mkatalie hata kama ndiye aliyekuogesha ukiwa mdogo. Deni la shukrani ni kubwa, lakini halilipwi kwa uongo. Na siku ile aliyekuwa akilipia sikuwa mimi peke yangu, alikuwa pia mtu getini na nyanya zake, na mzee mmoja aliyesingiziwa jambo ambalo hakulifanya.

"Hakuna aliyenituma," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, hata fundi mwenzangu akanipandishia.

"Sijawapa watu wa Mkurugenzi kitu. Nilimtumia mtu mmoja tu. Yuko hapa, kulia kwangu."

Kaulimbiu akapiga kioo kwa kiganja! Alimfokea fundi, nikamwona kwa midomo, "Kata! Kata!" Fundi akamtazama Mhariri. Mhariri akatikisa kichwa. Isikatwe.

"Mwanangu," Mama mdogo akasema polepole, kila neno limebanwa na meno, "baada ya yote niliyokufanyia?"

"Ulinilea vizuri, Mama mdogo. Ndiyo maana siwezi."

Nililia kweli. Bila kitambaa.

Sauti Nzito, mtu wa maneno siku zote, akaigeuza karatasi yake ya maswali. Akakimbilia simu. "Tuna… tuna msikilizaji. Karibu, uko hewani."

"Mimi nauza nyanya hapo getini kwenu."

Nikazibana hedifoni masikioni.

"Kwa huyo binti sina swali," alisema Mama Nyanya. Nyuma yake nilisikia magari na mtu akiuliza bei. "Swali langu ni kwa mama. Nimesikiliza ile ya jana, nimesikiliza na ya leo, nzima. Mkurugenzi namjua anavyoongea, amepita hapa mara nyingi na gari lake. Sikumsikia humo. Niambie mama, bila hasira. Siku ile, ulikuwa unamwiga nani?"

Hamjui kimya cha redio, nyinyi. Sisi mafundi tunakiogopa kuliko moto. Mkono wangu ulitaka kujiendea kwenye vitufe ambavyo havikuwa mbele yangu.

Kaulimbiu alikuwa ameandika kitu kwenye simu yake kwa herufi kubwa, ameibandika kwenye kioo. Mama mdogo hakutazama huko. Alivua hedifoni. Akazishika mapajani, akawa anazungusha waya kidoleni, kama mwanamke ambaye hajawahi kusimama jukwaani. Akanitazama. Nikaiona ile sura ya zamani, ya jikoni, baada ya kumwiga paka na sisi watoto kuanguka chini kwa kicheko tukimwambia, umetoka wewe yule yule!

Alizivaa tena. Akaisogelea maikrofoni mwenyewe, umbali sawasawa, kama nilivyomfundisha.

"Sikuwa namwiga mtu," akasema.