Mteja Aliyekaribishwa na Mashine

Kilianza kitu kidogo cha kupuuzwa na yeyote: asubuhi moja Mama Pini aliondoa kitambaa kilichofunika cherehani yake akakuta gurudumu lake lina joto, kama limetoka kushonewa sasa hivi. Akadhani ni jua la dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa limefungwa.

Mama Pini alikuwa fundi wa magauni ya harusi. Jina alilipata kwa sababu pini hazikumtoka mdomoni; hata umbea aliusema kwa pembe moja ya midomo, na hakuna neno lililopotea. Aliishi na binti yake wa pekee, ambaye majirani walimwita Injinia, nusu kwa sifa, nusu kwa kijicho. Msichana alimtengenezea mama yake tovuti, kisha akaiunganisha na programu ya kutunza wateja, wala hakuandika msimbo wa kompyuta hata mstari. Mtaa mzima ulielezwa, upende usipende: unavuta uzi kwenye skrini kutoka kisanduku hiki hadi kile, basi. Mtu akijaza fomu kwenye tovuti, habari zake zinaruka zenyewe hadi kwenye programu, na papo hapo anatumiwa ujumbe: "Karibu sana. Mlango uko wazi, jisikie nyumbani." Ili wateja wasichoke, hakumlazimisha mtu kuandika jina.

Hapo ndipo alipoteleza. Mtu akibisha hodi, sisi huuliza nani. Mashine haikuuliza.

Siku ile ya gurudumu, programu ilionyesha mteja mpya. Jina, hakuna. Simu, hakuna. Vipimo vyote sifuri, na agizo la gauni jeupe. Ule ujumbe wa karibu alikwisha kutumiwa. Mama Pini alicheka mpaka pini zikamtoka, akasema mteja wa sifuri atashonewa kifungo kimoja, kimtoshe. Injinia akamfuta. Kesho yake alikuwa amerudi, na kiuno chake sasa kilikuwa cha unene wa kifundo cha mkono.

Ikaingia harufu, ya nywele zilizounguzwa na pasi. Kila asubuhi vipimo vya mteja viliongezeka, na kila asubuhi sketi ya Injinia ilimlegea. Mama akaipunguza, akaipunguza tena, akimtania kwamba amependa mtu, hadi siku alipomzungushia futi kiunoni, akasoma, akageuka kutazama skrini, na pale pale akaelewa kwamba nyama yote iliyomtoka mwanawe ilikuwa imeandikwa kule, kifuani, kiunoni, nyongani kwa yule asiye na jina.

Injinia aliukata uzi wa kwenye skrini. Haikusaidia. Kufikia hapo alikuwa hawezi kupanda kitandani bila kubebwa, na mama yake alimbeba kama anavyobebwa mtoto wa kunyonya.

Mganga alipoletwa hakuvuka kizingiti. Aliuliza ni nani aliyemkaribisha jini ndani. Mama Pini akasema mashine.

"Mashine haina nyumba, mama. Karibu ile ni yenu."

Akawaeleza kwa sauti ya chini kwamba uzi umekatwa kwa kuchelewa, mgeni yumo, na mteja haondoki bila gauni. Lishonwe. Likiisha atatoka nje, kisha atabisha hodi kama mteja yeyote kuja kulichukua. Akikosa karibu kutoka mdomo wa mtu, ameondoka moja kwa moja. Akiipata, atalivaa gauni, na mwenye vipimo hivyo atamvaa pia.

"Mwanangu hatafika huko," mama alisema. "Gauni la harusi si la siku moja."

Mganga akageuka pale kizingitini, akaenda zake.

Basi Mama Pini, alipobaki peke yake, akajipima. Akafuta vipimo vya binti yake kwenye programu, akaandika vyake, kifua, kiuno, nyonga. Halafu akakata kitambaa.

Injinia akaanza kula. Mashavu yakarudi. Mama yake akawa anashona huku nguo zikimpwaya, huku pini zikimwanguka kwa sababu midomo haikuwa na nguvu ya kuzibana, na harufu ya nywele za kuungua ilisimama nyuma ya kiti chake, karibu sana, kama mtu anayechungulia kazi yake begani. Alipolala asiweze kuinuka, lilibaki pindo tu. Binti akaketi kwenye cherehani, kando ya kitanda cha mama, akikipa mgongo, alimalizie.

Mchana mweupe, alipokata uzi wa mwisho, harufu ikatoweka. Nyumba ikawa nyepesi. Injinia alikaa pale gauni likiwa mapajani, akilia kwa furaha, akisikiliza pumzi zake mwenyewe, na mlango wa nje ukagongwa taratibu, na sauti ikaja, sauti ya mama yake, ile ya zamani, yenye nguvu, inayosema kwa pembe moja ya midomo kana kwamba pini zimerudi mahali pake:

"Hodi, mwanangu."

Ameinuka, msichana aliwaza. Ameinuka mwenyewe, ametoka nje kuota jua. Moyo ukamtangulia.

"Karibu, mama."

Nyuma yake, kutoka kitandani, mkono mwembamba ulikuwa umeshika sketi yake muda wote, ukiivuta.

"Mimi niko huku," mama yake alinong'ona.

Mlango ukafunguka.