Kahawa ya Bwana Kiro

Kila mwezi wa tisa ua wa kina Dafina, mjini Štip, hujaa moshi. Majirani hukusanyika kuchoma pilipili hoho nyekundu za akiba ya majira ya baridi. Karibu wote ni washonaji wa kiwanda cha mashati, na utani wao hauishi.

Jumamosi hii hakuna aliyecheka. Jumatatu Trajanka, mama yake Dafina, angewaongoza kwa mwenye kiwanda kudai nyongeza ya mishahara. Walikuwa wamekubaliana kwamba mtu yeyote asizungumze na wakubwa peke yake.

Jirani yao Desa aliweka kisu chini. "Trajanka, jana msimamizi wetu wa kiwandani, Kiro, aliingia kwako na mfuko, akatoka mikono mitupu. Alikuletea nini?"

"Kwangu? Jana si nilikuwa zamu ya mchana mpaka jioni!"

"Usitufanye watoto, mwenzetu. Wewe umeshakula chako, sisi tubaki tukitoa macho!"

"Mimi Jumatatu siendi na mtu kama huyu," mwingine akadakia, akivua aproni.

Dafina ndiye aliyekuwa nyumbani jana. Kiro alileta kahawa na chokoleti, kama mgeni yeyote, akasema, "Mwambie mama asitusahau rafiki zake." Dafina alipokea. Tamaa ya chokoleti ikamshinda, akazila, kisha akaificha kahawa asiulizwe. Sasa mama yake anaitwa msaliti!

Alikimbia ndani, akarudi na mfuko wa kahawa. "Nilipokea mimi, Bi Desa. Mama hajui lolote. Chokoleti nimekula," alisema huku machozi yakimtoka.

"Zote?"

"Zimebaki mbili."

Mtu mmoja akaguna, kisha kicheko kikawatoka. Trajanka hakucheka. "Beba hiyo kahawa. Twende."

Wakaenda wote, mikono imejaa masizi, mpaka mlangoni kwa Kiro. Dafina akamrudishia. Kiro akawa mwekundu.

"Na chokoleti?"

"Tutakulipa kwa mshahara mpya," Desa akamjibu.

Jumatatu waliingia ofisini pamoja. Mwenye kiwanda alifoka, akatishia kukifunga, lakini hakuna aliyetikisika. Jioni akatia saini mkataba wa nyongeza.

Usiku ule Trajanka alimketisha binti yake. "Kumpokea mgeni si kosa, mwanangu. Kosa ni kuficha. Ungenyamaza, tungeingia mle kila mmoja akimshuku mwenzake, na mwenye kiwanda asingehitaji hata kutukatalia."