Paji Moja, Mikono Kumi na Miwili

Mimi na mke wangu Felicitas tunaishi kwenye nyumba ya wazee hapa Iloilo, Ufilipino, vitanda jirani. Sikusoma sana, nilikuwa seremala, basi nasema kama ninavyojua. Kwetu kijana akikukuta, anachukua mkono wako anaugusisha kwenye paji lake. Ndiyo shikamoo yetu. Marivic, mhudumu wetu, kila asubuhi alituamkia wazee wote kumi na wawili, ndipo akaleta uji wa mchele.

Ikaja korona. Watatu wakaanza kukohoa. Felicitas mapafu yake mabovu tangu zamani, mimi roho juu. Na koo langu likawa linawasha. Nikanyamaza. Niliogopa watanitenga naye.

Ndipo akaja Nesi Rowena, kazi yake kuzuia maambukizi. Sindano hakushika. Alikaa kwenye kiti, anatazama tu.

"Huyu analipwa kwa kukaa?" nikamnong'oneza Felicitas.

"Nyamaza, mzee. Wewe unakaa bure."

Marivic alipomaliza kutuamkia, nesi akamwita. "Glavu umevaa, lakini ni zilezile tangu kitanda cha kwanza. Na paji moja limegusa mikono kumi na miwili. Mmoja akikoholea mkononi, unawagawia wote."

Nikaingilia. "Kwa hiyo binti, umekuja kutufutia heshima?"

"Hapana, babu. Aweke mkono kifuani, ainame kwa mbali. Heshima imefika. Kila kitanda, glavu mpya na mikono inaoshwa kwa sabuni. Anayehudumia wagonjwa asihudumie wazima. Na mwenye dalili aseme mapema, hata kama ni koo tu. Hafukuzwi mtu. Anakingwa jirani yake."

Nikamtazama jirani yangu. "Koo langu linawasha," nikasema.

"Tangu lini?" Felicitas akauliza.

"Juzi."

"Juzi! Na uji wangu umeuonja kwa kijiko changu, jibaba zima."

Wakanipima, ninayo. Nikawekwa chumba cha uani siku kumi pamoja na wale watatu, tukapewa mhudumu wa sisi wakohozi peke yetu. Felicitas naye akatengwa, akapimwa mara tatu. Kila mara nesi alisimama mlangoni na barakoa yake, akaniambia, "Hana." Mara ya tatu nililia, sioni haya kusema.

Hakuongezeka mgonjwa mwingine. Wale watatu wakapona polepole.

Siku ya kurudi nikamuuliza nesi kama naruhusiwa kukaa karibu na mke wangu.

"Unaruhusiwa. Nawa kwanza."

Nikanawa mpaka viwikoni.

"Njoo basi," Felicitas akasema. "Siku kumi nimekosa wa kunikoromea."