Wastani Ulipanda, Mbah Akashuka

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umeifunika milima ya volkano ya Dieng, Wartini alimpeleka mama mkwe wake, Mbah Kasinem, yaani Bibi Kasinem, kwenye kibanda cha chemchemi ya moto. Ndani, wagonjwa wa kifua walikaa wakivuta mvuke. Ulinuka kama mayai viza. Kibanda alikijenga Sarpin, mume wa Wartini, na kila wiki aliwapima pumzi kwa kifaa chenye mshale.

"Puliza, Mama! Kwa nguvu!"

Mbah alipuliza. Mshale ulitikisika kidogo tu.

Sarpin alichanganya vipimo vyote, akatafuta wastani. "Umepanda tena! Mvuke unaponya."

Wartini alitazama pande zote. Zamani kibanda kilijaa kikohozi. Sasa kilikuwa kimya, na viti vitupu vililowa mvuke. Ndege hawakutua tena kwenye paa lake. Mbah naye akisinzia, pumzi yake ilipiga mluzi, kisha ikakatika, kama mtu anayesikiliza kitu mlangoni.

Wartini alikimbilia kwa jirani yake Lasmi, mwalimu wa takwimu chuoni.

"Dada, hesabu ya mume wangu inapanda, mama anashuka. Nani mwongo?"

Lasmi alikuja, akatazama vipimo, akaona wagonjwa wawili waliokoma kupimwa.

"Pak Sarpin," alimwita kwa neno la heshima kama Bwana, "Mbah Tukirah yuko wapi?"

"Hawezi kutembea."

"Na Pak Giman?"

"Yeye pia hatoki kitandani," Sarpin alisema.

"Walio hoi wameacha kuja," Lasmi alisema. "Unaowapima ni wenye nafuu. Ndiyo maana wastani unapanda."

Wartini alihesabu viti vitupu.

"Basi nibaki na wale tu wasiokosa hata wiki moja?" Sarpin aliuliza.

"Hapo utakuwa umewazika wenzako wakiwa hai. Vipimo vya mtu mmoja ni ndugu. Usivihesabu kana kwamba kila kimoja ni cha mtu mwingine. Tumia modeli, yaani hesabu inayompa kila mtu mstari wake wa vipimo. Hata vipimo vichache vya aliyekosekana vitasaidia."

Kwanza Lasmi aliacha kila mstari uanzie mahali pake, lakini yote ielekee sawasawa. Mstari wa Mbah haukulingana naye. Vipimo vyake vilianguka upesi zaidi. Kwa hiyo akauruhusu kila mstari uende kwa kasi yake. Karibu yote ikateremka.

"Nimemfungia mama yangu humu mwenyewe," Sarpin alisema.

Siku hiyohiyo alifunga kibanda. Wapimaji wa hewa walioitwa walikuta gesi ya volkano imejaa ndani. Mbah na wenzake walipelekwa kliniki, wakapewa dawa ya kuvuta.

Sarpin sasa huwafuata wagonjwa majumbani. Wiki ya kwanza, Mbah Tukirah na Pak Giman walipohesabiwa tena, wastani ulianguka vibaya.

"Umeshuka," Wartini alisema.

"Kwa sababu wamerudi," Sarpin alijibu, akatabasamu huku akilia. Baadaye mistari, mmoja baada ya mwingine, ikaanza kupanda.