Udongo wa Kando ya Zizi

Kila asubuhi Lynnet alifagia ua, akawafungulia kuku, kisha akajiandaa kwenda shuleni. Jumamosi moja mama yake, Phelesia, alimwongezea kazi. Alitaka kuanzisha matuta mapya ya sukuma wiki nyuma ya nyumba yao, nje kidogo ya mji wa Oyugis, na Bwana Onchiri, afisa wa kilimo, alikuwa amewashauri wapime udongo kwanza.

"Chimba kila pembe ya shamba, na katikati pia," mama alisema akishika njia ya sokoni. "Uchanganye wote kwenye ndoo safi, ndipo utoe wa kupimwa."

Lynnet alipiga jembe. Likadunda kana kwamba limepiga mwamba. Akajaribu pembe nyingine, mambo yakawa yale yale. Viganja vilimwaka moto.

"Udongo ni udongo tu!" alifoka. Akaenda kando ya zizi la ng'ombe, ambako ardhi ilikuwa laini, akajaza mfuko hapo hapo.

Mama alimkabidhi Bwana Onchiri mfuko huo, naye alipoleta majibu, yalisema udongo una rutuba tele wala hauhitaji mbolea. Mama akapanda kwa furaha. Lakini miche ilidumaa na majani yakageuka manjano. Mama akamwagilia, akapalilia, akanung'unika, mpaka uvumilivu ukamwishia. Akamwita Bwana Onchiri.

"Tazama mwenyewe!" alimkaripia mbele ya majirani. "Jasho langu lote limekwenda bure! Nitafika Homa Bay kwa wakubwa wako."

"Mama Lynnet, nimekueleza mara ngapi?" Bwana Onchiri alijibu, naye amechoka kulaumiwa. "Nilikuletea majibu ya udongo ulionipa."

"Hawa watu wa ofisi ndivyo walivyo," jirani mmoja alidakia, na wengine wakacheka.

Lynnet alimwona Bwana Onchiri akiinamisha kichwa, akidharauliwa kwa kosa lisilo lake. Akasogea karibu na mama yake.

"Mama, usimlaumu," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Nilichoka, nikachimba kando ya zizi tu."

"Yawa, Lynnet!" mama alishika kichwa. "Umeniacha nibebe maji siku zote hizi, ukinitazama tu?"

Lynnet alilia. Mama alimwomba Bwana Onchiri msamaha mbele ya wale wale majirani, kisha akaleta majembe mawili. Siku hiyo walichimba kila pembe. Majibu mapya yalionyesha kuwa udongo umechoka. Wakaurutubisha kwa samadi, wakapanda upya, na safari hii sukuma wiki ikanawiri.

Bwana Onchiri alipopita kuitazama, alimwambia Lynnet, "Udongo haukudanganya, mwanangu. Ulipeleka wa zizini, nao ukasema habari za zizini. Anayekwepa kuchimba mahali pagumu atarudi kupachimba tu, tena akiwa amewachosha na wenzake. Lakini ulisema kweli watu wakisikiliza, na hapo napo palikuwa pagumu."

Mama alitikisa kichwa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu miche ya kwanza idumae.